Mafunzo ya Kutokwa Damu Baada ya Kujifungua, Hapohapo Wodini: Mwongozo Kamili kwa Anayefundisha Wenzake

Wasimamizi wa wodi za uzazi hurudi na lalamiko lilelile: wahudumu wamehudhuria mafunzo, mtihani wa mwisho wameufaulu, vyeti wanavyo, lakini mama akianza kutokwa damu nyingi matibabu bado yanachelewa.

Chanzo mara nyingi ni namna mafunzo yalivyoendeshwa. Watu walifundishwa ukumbini, mbali na kitanda, mbali na kabati la dawa na mbali na wenzao wa zamu. Kila mmoja alijifunza peke yake jambo linalofanywa na timu. Kisha hayakurudiwa, na mikono ikasahau ndani ya miezi michache.

Mwongozo huu ni wa mkunga, muuguzi, ofisa tabibu au daktari aliyepewa jukumu la kuwafundisha wenzake. Unahusu kina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida. Lengo ni moja: tangu dalili ya hatari ionekane hadi matibabu yote matano yawe yametolewa (kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, maji ya dripu, na uchunguzi wa chanzo), zisipite dakika 15. Dozi zilizomo zinafuata Shirika la Afya Duniani. Pale mwongozo wa wizara yenu unapotofautiana, fuateni wa wizara na muandike tofauti hiyo kwenye bango la wodi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kumwita mtu yeyote

Andaa hivi siku moja kabla. Zoezi linalosimama katikati ili mtu akatafute mkasi hupoteza maana.

- Mashuka 2 ya kupimia damu, yale ya plastiki yanayowekwa chini ya makalio ya mama na yenye mfuko uliochorwa vipimo, mistari ya ml 300 na ml 500 ikionekana wazi
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 1
- Pedi 10, shuka 2 za kitanda, chachi na beseni 1
- Damu bandia lita 4
- Sanamu ya nyonga ya kufundishia. Mama Natalie anayevaliwa na mwigizaji anafaa sana. Isipopatikana, mwigizaji mwenye taulo lililokunjwa juu ya tumbo anatosha
- Kanula za geji 16 na 18, seti 2 za dripu, chupa za salaini za ml 500 na lita 1
- Mabomba ya sindano ya ml 10, na vichupa vitupu vya dawa vilivyojazwa maji
- Kateta ya Foley, kondomu 2, uzi imara na bomba la sindano la ml 60
- Mashine ya presha, saa yenye mshale wa sekunde, na karatasi ya kurekodi muda
- Lebo nyekundu zenye maneno MAFUNZO TU

Damu bandia ni rahisi kutengeneza. Chemsha lita 1 ya maji na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mahindi laini uliokorogwa kwanza kwenye maji baridi, ipoe, kisha tia rangi nyekundu ya chakula kidogokidogo mpaka ikolee. Kwa mabonge, gandisha jelatini nyekundu na uivunjevunje kwa mkono.

Tahadhari: kila kichupa, dripu na shuka la mazoezi libandikwe lebo kabla halijaingia wodini, na zoezi likiisha vihesabiwe vyote vikitoka. Kichupa cha maji kilichosahaulika kwenye trei ya dawa ni hatari kwa mgonjwa wa kweli.

## Hatua ya 1: Pima mlipo sasa

Chukua mafaili ya akina mama 20 wa mwisho walioandikwa kuwa walitokwa damu nyingi. Wakiwa pungufu, chukua wote wa miezi 6. Tafuta mambo matatu tu: je, damu ilipimwa au ilikadiriwa kwa macho? Dakika ngapi zilipita tangu tatizo kuandikwa hadi oksitosini ya matibabu? Na dakika ngapi hadi asidi ya traneksamiki?

Usikusanye zaidi ya hayo. Fomu yenye maswali 30 hujazwa mara moja na kuachwa, ilhali namba tatu mtaweza kuzifuata mwaka mzima.

Mara nyingi muda haukuandikwa kabisa. Hilo nalo ni jibu, liandike: "mafaili 14 kati ya 20 hayana muda." Majina ya wagonjwa na ya wahudumu yasitoke kwenye mafaili. Watu wakihisi wanasakwa, zoezi lote litageuka maigizo ya kumridhisha mkaguzi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye namba tatu na tarehe.

## Hatua ya 2: Kagua dawa na upange kisanduku cha dharura

Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama mafunzo yatazaa matunda. Timu iliyoiva haiwezi kufidia dawa isiyokuwepo.

Anzia kwenye jokofu. Oksitosini huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu taratibu, na kwa macho huwezi kujua. Angalia kipimajoto na daftari la joto la wiki nne zilizopita. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, wahudumu huishia kusema kwamba mama "hakuitikia dawa," kumbe dawa yenyewe ilikwisha nguvu.

Kabetosini isiyoharibika kwa joto huhifadhiwa chini ya nyuzijoto 30, lakini ni ya kuzuia, mikrogramu 100 baada ya mtoto kuzaliwa. Si dawa ya kutibu mama ambaye tayari anatokwa damu. Liseme hili waziwazi kwa washiriki, kwa sababu watu huchanganya.

Kisha kiandae kisanduku chenyewe. Ndani yake:

- Asidi ya traneksamiki gramu 2, yaani dozi mbili. Vichupa vingi vina miligramu 500 ndani ya ml 5, hivyo unahitaji vichupa 4
- Misoprostoli vidonge 4 vya mikrogramu 200, jumla mikrogramu 800 za kuweka chini ya ulimi pale ambapo oksitosini haipo au ubora wake unatiliwa shaka
- Kanula 2 za geji 16 na 2 za geji 18, seti 2 za dripu, salaini ya ml 500 na ya lita 1
- Mabomba 4 ya sindano ya ml 10, pamba ya spiriti na plasta
- Kateta ya mkojo na mfuko wake
- Glovu ndefu zinazofika kwenye kiwiko, jozi 2
- Kadi ya dozi, herufi kubwa, upande mmoja tu

Oksitosini inabaki jokofuni. Bandika juu ya kisanduku maandishi makubwa: OKSITOSINI IKO JOKOFUNI, na mtaje ni nani huenda kuichukua.

Tahadhari kubwa: asidi ya traneksamiki isikae kabisa karibu na dawa za ganzi ya uti wa mgongo. Vichupa vyake vinaweza kufanana, na kuichoma kimakosa kwenye uti wa mgongo huleta degedege, moyo kwenda mrama na kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo rasmi kuhusu kosa hili mwaka 2022. Itoe kwenye toroli la ganzi, iweke kwenye kisanduku.

Kuhusu kufuli: kisanduku kisifungwe kwa ufunguo. Kifungwe kwa uzi au plasta yenye tarehe, ambayo anayekihitaji anaikata mara moja na anayekagua zamu ikianza anaona kama imeguswa. Ili kuhakikisha mambo yako sawa, mwombe mtu wa zamu akuletee kisanduku na oksitosini bila kumwarifu mapema. Vikifika kitandani ndani ya dakika 2, endelea.

## Hatua ya 3: Ondoa imani ya kukadiria damu kwa macho

Panga vituo vinne kwenye chumba kimoja. Cha kwanza, pedi zilizonyonya ml 150. Cha pili, shuka la kitanda lenye ml 350. Cha tatu, beseni lenye damu bandia ml 600 iliyochanganywa na maji ml 400, kuiga damu iliyochanganyika na mkojo. Cha nne, ml 1,000 zilizogawanyika: nyingine sakafuni, nyingine kwenye shuka, mabonge kando.

Kila mshiriki apite kimya na aandike makadirio yake bila kuzungumza na mwenzake. Kisha soma majibu hadharani bila majina, ndipo utoe kiasi halisi. Makadirio kwa kawaida hushuka chini ya ukweli, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo pengo linavyopanuka. Mwenye uzoefu wa miaka 20 naye hukosea. Wape watu nafasi ya kulishangaa hilo, msikimbilie kituo kingine.

Baada ya hapo fundisha kupima kwa njia mbili.

Shuka la kupimia. Linawekwa mara tu mtoto anapozaliwa, si kabla, ili maji ya chupa yasiingie. Mfuko unaning'inia wazi ukingoni mwa kitanda. Soma kiwango kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, na kila unaposoma, gusa mfuko wa uzazi, angalia mtiririko wa damu, pima presha na mapigo.

Mizani. Gramu 1 ya damu hesabu kama ml 1. Pedi kavu ikiwa gramu 40 na iliyolowa gramu 265, damu ni ml 225. Bandika uzito wa pedi na shuka kavu ukutani karibu na mizani. Pasipo hilo hakuna atakayepima usiku.

Sasa wafundishe alama ya kuanza matibabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 unataka tuanze pale damu iliyopimwa inapofika ml 500, au ml 300 pamoja na dalili yoyote ya hatari: mapigo zaidi ya 100, presha ya juu (namba ya kwanza) chini ya 100, ya chini (namba ya pili) pungufu ya 60, au mapigo yakigawanywa kwa presha ya juu yazidi 1. Kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Mpe kila mmoja hesabu hii: damu ml 320, mapigo 108, presha 104 kwa 64. Mapigo yamezidi 100, na 108 kwa 104 ni zaidi ya 1. Matibabu yanaanza sasa, hakuna kusubiri ml 500. Washiriki wote wakijibu hivyo bila kutazamana, hatua imefaulu.

Wakiuliza kwa nini kupima kunatiliwa mkazo hivi, wape utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023. Ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Hospitali zilizotumia shuka la kupimia na kutoa matibabu matano kwa pamoja zilipunguza kwa asilimia 60 idadi ya akina mama waliopoteza ml 1,000 au zaidi, waliopasuliwa kwa ajili ya damu, au waliokufa kwa damu. Dawa zilikuwa zilezile za siku zote. Kilichobadilika ni kugundua mapema na kutoa vyote pamoja.

## Hatua ya 4: Zoesha mikono, stadi moja baada ya nyingine

Usikimbilie igizo zima. Mtu asiyejua kuchanganya dawa akiwa ametulia hataweza chini ya shinikizo. Tenga dakika 10 kwa kila stadi, washiriki wawili wawili, mmoja akifanya na mwingine akisoma orodha.

Kusugua mfuko wa uzazi. Kiganja juu ya kilele cha mfuko, mzunguko imara, hadi ujikaze au dakika 1 ipite. Dakika 1 tu. Wahudumu wengi huganda hapa, mkono mmoja ukisugua kwa dakika kumi, na dawa hazitolewi.

Oksitosini ya matibabu. Uniti 10 kwenye mshipa, polepole, au ndani ya salaini ya ml 200 hadi 500 kwa dakika 10. Kisha uniti 20 ndani ya lita 1 kwa saa 4. Kwa seti ya matone 20 kwa ml, hiyo ni matone 83 kwa dakika. Kwa ya matone 15, ni 63. Andika namba hizi kwenye kadi. Sisitiza neno polepole: ikisukumwa kwa mkupuo presha ya mama hushuka ghafla, naye tayari amepungukiwa damu. Mama aliyepewa oksitosini ya kuzuia bado anapewa ya matibabu.

Asidi ya traneksamiki. Gramu 1, vichupa viwili vya ml 5 ndani ya bomba la ml 10, isukumwe ml 1 kila dakika. Mshiriki aangalie saa wakati anasukuma, kwa sababu dakika 10 za kusimama ni ndefu na watu humaliza kwa mbili. Njia nyingine ni kuiweka kwenye ml 200 za salaini kwa dakika 10. Itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya hapo haina faida tena. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikianza upya ndani ya saa 24, rudia gramu 1. Utafiti wa mwaka 2017 wa wanawake 20,060 ndio uliothibitisha kwamba inaokoa maisha, na uchambuzi uliofuata ulionyesha faida hupungua kwa takriban asilimia 10 kila dakika 15 za kuchelewa. Kwa hiyo inatolewa sambamba na oksitosini, haisubiri kuona kama oksitosini imeshindwa.

Kanula. Geji 16 au 18. Ya bluu, geji 22, ni nyembamba mno kupitisha maji ya kumwokoa mtu anayetokwa damu. Wakati wa zoezi, fungua dripu kupitia geji 22 na geji 16 pembeni kwa pembeni, watu waone tofauti kwa macho yao.

Uchunguzi wa chanzo. Kibofu kitupu? Kondo la nyuma limetoka lote, na tando zake? Kuna mabonge yaliyoziba? Msamba, uke na mlango wa kizazi vimechanika? Mshiriki afuate mpangilio huo kila mara, kwa sauti.

Kubana mfuko wa uzazi kwa mikono miwili. Ngumi ndani ya uke ikielekea mbele ya mlango wa kizazi, mkono wa pili ukisukuma mfuko kutoka tumboni, viwili vikutane. Kosa la kawaida ni mkono wa nje kubaki chini karibu na kinena badala ya kushika nyuma ya mfuko.

Puto la kondomu, linaloingizwa kwenye mfuko wa uzazi kubana damu. Funga kondomu kwenye kateta ya Foley kwa uzi, mizunguko miwili iliyokazwa, kisha jaza maji ml 300 hadi 500. Fundo likilegea, maji huvuja. Likikazwa kupita kiasi, njia ya kateta huziba. Jaribu nje ya mwili kwanza, kila mshiriki afunge lake. Puto ni la kituo chenye uwezo wa kupasua na kuongeza damu endapo litashindwa, kwa hiyo mahali pasipo na uwezo huo, tumieni muda huu kuzoea kubana kwa mikono miwili na kumwandaa mama kwa rufaa.

Na ergometrini, dawa nyingine ya kukaza mfuko wa uzazi, kama mnayo: haitolewi kwa mama mwenye shinikizo la juu la damu. Andika hilo kwa wino mwekundu kwenye kadi.

## Hatua ya 5: Gawa majukumu kwa idadi ya watu mlionao kweli

Mafunzo mengi hudhani kuna watu sita. Usiku wapo wawili. Panga kwa hao wawili kwanza, halafu ongeza.

Wa kwanza anabaki na mama: anapiga kelele ya kuomba msaada, anasugua, anachunguza, anamweleza mama kinachoendelea. Wa pili analeta kisanduku na oksitosini, anaweka kanula, anatoa dawa. Akija wa tatu, anaandika muda, anapima presha na mapigo kila dakika 5, na anapiga simu. Daktari akifika anasimama mahali anapoona vyote, asishike kazi ya mikono isipokuwa kama hakuna mwingine wa kuifanya.

Agizo litolewe kwa jina na lirudiwe. "Mkunga Rehema, weka traneksamiki gramu moja." "Naweka traneksamiki gramu moja." Kisha: "Imeanza saa nane na dakika kumi na mbili." Agizo linalotupwa hewani, "jamani mtu aweke dripu," huishia kila mtu kudhani mwenzake ameshaweka.

Mwenye cheo kidogo kabisa apewe maneno ya kusema pale anapoona kitu kimerukwa: "Daktari, nina wasiwasi, traneksamiki bado." Yatamkwe mazoezini, tena kwa sauti. Usipoyafanyia mazoezi hayatatoka mdomoni siku yenyewe.

## Hatua ya 6: Endesha zoezi lenyewe

Lifanyike kwenye chumba cha kujifungulia, kitanda kilekile, kabati lilelile. Muda wote ni dakika 20. Mwigizaji alale kitandani akiwa na mfuko wa damu bandia uliofichwa na mrija wa dripu anaoufungua mwenyewe. Mtunza saa hasaidii na hasemi, anaandika.

Wape taarifa fupi: mama amejifungua dakika 10 zilizopita, mtoto wa tatu, amepewa oksitosini uniti 10 kwenye msuli, kondo limetoka.

Vipimo uvitoe pale tu mtu anapopima. Asiyepima presha asipewe presha.

- Dakika 0: shuka linasoma ml 250, mapigo 88, presha 112 kwa 70. Mfuko wa uzazi laini kidogo.
- Dakika 3: ml 320, mapigo 108, presha 104 kwa 64. Hapa saa ya dakika 15 inaanza, hata kama timu haijatambua.
- Dakika 8: dawa zikiwa zimeanza, mfuko wa uzazi unakaza. Zisipoanza, damu inafika ml 600 na mwigizaji anasema anasikia kizunguzungu.
- Dakika 11: mfuko ni mgumu, lakini damu inaendelea, nyekundu, mfululizo. Ml 700.

Dakika ya 11 ndiyo kiini. Mfuko mgumu na damu inayoendelea maana yake chanzo kiko kwingine, na hapa ni mlango wa kizazi uliochanika. Timu zisizopima na kuchunguza kwa mpangilio huendelea kusugua mfuko ambao tayari umekaza. Ukiona hivyo, usiwakatize. Waache hadi dakika ya 15, mtalizungumza baadaye.

Kwa zoezi la pili badilisha chanzo: kipande cha kondo kilichobaki, au mfuko usiokaza kabisa hadi ifike kubana kwa mikono miwili na rufaa. Usirudie igizo lilelile, watu watakariri majibu.

Simamisha mara moja ikiwa kuna mgonjwa wa kweli anayehitaji watu au chumba. Kubalianeni neno la kusimamisha kabla ya kuanza, na waarifu akina mama walio jirani kwamba ni mazoezi. Kelele za dharura huwatisha.

## Hatua ya 7: Mjadala, dakika 15, papo hapo

Kaeni chini kabla watu hawajatawanyika. Anzeni na mwigizaji: ulijisikiaje, nani alizungumza nawe, ulijua kinachoendelea? Mara nyingi jibu ni kwamba watu watano walimshika na hakuna aliyemwambia kitu. Mama anayetokwa damu anasikia kila neno, na kumweleza hakuongezi hata sekunde moja kama mikono inaendelea na kazi.

Kisha mtunza saa asome dakika bila maoni. Alama ya hatari dakika ya 3, oksitosini dakika ya 7, traneksamiki ya 13, uchunguzi haukufanyika. Namba zikishasomwa, hakuna haja ya kumlaumu mtu.

Swali la mwezeshaji liwe "nini kilikuzuia?" badala ya "kwa nini hukufanya?" La kwanza huleta majibu yanayorekebishika: mkasi haukuwepo, jokofu liko chumba kingine, sikujua kama naruhusiwa kutoa traneksamiki bila daktari. La pili huleta ukimya.

Malizeni kwa jambo moja la kubadilisha, jina la mhusika na tarehe. Jambo moja. Orodha ya mambo tisa haitekelezwi.

## Hatua ya 8: Rudia kwa dozi ndogo

Siku nzima ya mafunzo mara moja kwa mwaka haifikii dakika 15 kila wiki. Baada ya siku ya kwanza, panga hivi: kila wiki stadi moja kutoka Hatua ya 4, kila mwezi igizo moja zima. Fanyeni wakati wa kupokezana zamu, watu wa zamu mbili wakiwa pamoja.

Zamu ya usiku isiachwe. Wana watu wachache na msaada uko mbali, hivyo ndio wanaohitaji mazoezi zaidi. Mwezeshaji aje saa kumi na mbili na nusu jioni au asubuhi. Akishindwa, mtu mmoja wa usiku afunzwe kuongoza.

Kwa pointi za mafunzo endelevu, weka daftari moja lenye tarehe, mada, muda, majina na saini, pamoja na orodha ya stadi iliyojazwa na aliyemwangalia. Mabaraza ya kitaaluma huomba ushahidi, na vipindi vya dakika 15 vikikosa kumbukumbu huhesabiwa kuwa havikufanyika. Uliza mapema kama baraza lenu linakubali kuvijumlisha.

## Hatua ya 9: Rudi kwenye namba tatu

Kila mwezi jaza zilezile za Hatua ya 1 na uzichore ukutani kwenye chumba cha wahudumu: asilimia ya akina mama waliopimwa damu, dakika hadi oksitosini, dakika hadi traneksamiki. Tarajia asilimia ya waliopimwa ipande kwanza. Idadi ya akina mama wanaoandikwa kutokwa damu nyingi nayo inaweza kupanda. Mweleze mganga mfawidhi mapema, asije akadhani huduma imeharibika, kumbe ni wale ambao zamani hawakuonekana.

Dakika zikigoma kushuka baada ya miezi mitatu, usiongeze somo. Tembea na mtu mmoja wa zamu kutoka kitandani hadi kwenye kila kitu anachohitaji, ukiwa na saa mkononi. Kawaida utakuta mojawapo ya haya: traneksamiki imerudishwa stoo kuu kwa sababu ya hesabu, ndugu wanatumwa kununua dawa kabla ya matibabu kuanza, mkunga haruhusiwi kwa maandishi kuanzisha dawa peke yake, au mashuka ya kupimia yameisha na hakuna aliyeagiza. Kila moja lina mwenye mamlaka ya kulitatua. Mpelekee ukiwa na karatasi ya dakika mkononi, na uombe jibu la maandishi kabla ya igizo la mwezi unaofuata.